Mji Uliopimwa Mara Tatu: Safari ya Steubenville, Ohio

Steubenville, mji mdogo ulioko ukingo wa magharibi wa Mto Ohio nchini Marekani, umepimwa mara tatu katika historia yake, na kila mara kwa haja tofauti: kwanza ilipimwa ardhi yake, kisha ikapimwa hewa yake, na hatimaye ukapimwa uwezo wa watoto wake wa kusoma. Vipimo viwili vya mwanzo vilifanywa na wageni, na majibu yake yakapelekwa mbali, kwa wanunuzi wa viwanja, kwa wataalamu wa vyuo vikuu na kwa watunga sheria. Kipimo cha tatu hufanywa na walimu wa mji wenyewe, na jibu lake humrudia mtoto yuleyule aliyepimwa, mwaka wa masomo ukiwa bado unaendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya mji huu, ambao sensa ya mwaka 2020 iliukuta na wakazi 18,161 tu, ustahili safari ya mtu anayetaka kujua jinsi wilaya ndogo ya shule za umma inavyofuatilia maendeleo ya wanafunzi wake, na kwa nini kufuatilia peke yake hakutoshi.

Njia ya kawaida ya kuufikia ni ile inayotoka Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, kuelekea magharibi kwa barabara kuu namba 22, mwendo wa kilomita sitini hivi ambao humpitisha msafiri katika majimbo matatu, kwa kuwa kati ya Pennsylvania na Ohio umejipenyeza ukanda mwembamba wa jimbo la West Virginia. Katika ukanda huo uko mji wa Weirton, uliokua kwa kukizunguka kiwanda cha chuma, na anayeteremka kuelekea mtoni huyaona mabanda ya kiwanda hicho yakiwa yametanda bondeni, mengine yakiwa yameshabomolewa na mengine yamesimama bila kazi. Mapema mwaka 2024 kampuni ya Cleveland-Cliffs ilitangaza kusimamisha utengenezaji wa bati la makopo mjini humo, kazi iliyokuwa ikiajiri watu wapatao 900. Ng'ambo ya daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 1990, Steubenville nayo imepitia hali hiyohiyo: mwaka 1940 ilikuwa na wakazi zaidi ya 37,000, na viwanda vya chuma vya bonde hili vilipoanza kuyumba, kisha kufungwa kimoja baada ya kingine, vijana walizifuata ajira kwingineko na idadi ya watu ikashuka hadi nusu. Katikati ya mji, mbele ya jengo la mahakama, imesimama sanamu ya Edwin Stanton, mzaliwa wa hapa aliyekuwa waziri wa vita wa Rais Abraham Lincoln, na kumbukumbu za mwimbaji Dean Martin, aliyezaliwa hapa mwaka 1917, hazikosekani. Lakini maduka yaliyofungwa nayo ni mengi, na msafiri hahitaji kuambiwa kwamba huu si mji wa matajiri.

Kipimo cha kwanza bado kinaweza kuonekana karibu na mto, pale ilipojengwa upya ngome ya magogo iitwayo Fort Steuben. Ngome ya asili ilijengwa mwaka 1786 na 1787 ili kuwalinda wapima ardhi waliotumwa na serikali changa ya Marekani kuigawa nchi iliyokuwa magharibi ya mto, ardhi ambayo wengi wa wenyeji wake wa asili, Washawnee wakiwa miongoni mwao, hawakuwa wamekubali kuiachia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1785 iliagiza kwamba nchi hiyo ikatwe katika miraba yenye upande wa maili sita, kila mraba ugawanywe katika viwanja 36 vya maili moja ya mraba, yaani ekari 640, kisha viwanja hivyo viuzwe kulipia madeni ya taifa. Na eneo la kwanza kupimwa kwa utaratibu huo ndilo hili la mashariki ya Ohio. Katika sheria hiyo hiyo kilikuwamo kifungu kilichoagiza kwamba kiwanja namba 16 cha kila mraba kitengwe kwa ajili ya kuendeshea shule za umma za mahali hapo. Kando ya ngome ipo nyumba ndogo ya magogo iliyokuwa ofisi ya ardhi ya serikali kuu tangu mwaka 1801, ambamo walowezi walilipia na kusajili viwanja vyao, na mgeni anayechungulia ndani yake huwa anatazama mojawapo ya vyanzo vya mfumo wa elimu wa nchi nzima: shule iligawiwa fungu lake kwenye ramani kabla watoto wa kuijaza hawajazaliwa.

Kipimo cha pili hakina jengo la kutembelewa, kwa sababu kilikuwa cha pumzi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliichagua Steubenville kuwa mmoja wa miji sita ambayo hewa yake na afya za wakazi wake zingefuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 1993 walichapisha matokeo yaliyohusu watu wazima 8,111: baada ya kuondoa athari za uvutaji wa sigara na mambo mengine, kiwango cha vifo katika Steubenville, mji uliokuwa na hewa chafu kuliko mingine mitano, kilikuwa juu kwa asilimia 26 kuliko kile cha Portage, mji wa jimbo la Wisconsin uliokuwa na hewa safi kupita yote. Utafiti huo ulichangia kwa uzito mkubwa kanuni ya kitaifa ya mwaka 1997 iliyoweka ukomo wa vumbi laini hewani, lile ambalo chembe zake hazizidi sehemu mbili na nusu ya elfu moja ya milimita. Faida yake kwa taifa haina shaka, lakini waliopimwa hawakupata jibu kwa wakati wa kuwafaa, kwa kuwa wakati takwimu zinachapishwa baadhi yao walikuwa wameshazikwa, na namna ya kupima iliyowekwa ili ijibu swali la taifa haikuwa na wajibu wa kumrudia mtu mmoja mmoja.

Ili kukielewa kipimo cha tatu, yafaa kwanza kueleza wilaya ya shule ni kitu gani, maana haifanani na halmashauri ya wilaya inayojulikana Afrika Mashariki. Nchini Marekani wilaya ya shule ni mamlaka ya umma inayojitegemea, yenye mipaka yake, bodi yake inayochaguliwa na wapiga kura, na msimamizi mkuu anayeajiriwa na bodi hiyo. Katika Ohio peke yake zipo zaidi ya 600. Wilaya ya Steubenville ina shule tatu za msingi, yaani Wells, Pugliese West na East Garfield, shule moja ya kati na sekondari moja, hivi kwamba msimamizi mkuu anaweza kuzizuru zote kwa siku moja. Sehemu kubwa ya fedha za wilaya za namna hii hutoka katika kodi ya majengo ya wakazi wenyewe, na nyongeza ya kodi hiyo kwa kawaida hupigiwa kura, jambo linalomaanisha kwamba mji uliopoteza viwanda hupoteza pia uwezo wa kulipia shule. Mahakama Kuu ya Ohio iliuona upungufu huo mwaka 1997, ilipoamua katika shauri la DeRolph kwamba mfumo wa jimbo wa kugharamia shule ulikwenda kinyume cha katiba, ingawa hukumu hiyo haikufuta utegemezi wa kodi ya majengo.

Juu ya wilaya kuna jimbo, na jimbo lina rula yake. Sheria ya shirikisho ambayo Rais George W. Bush aliitia saini tarehe 8 Januari 2002 katika shule ya sekondari ya mji wa Hamilton, Ohio, iliyataka majimbo yote yawapime watoto kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na ikaweka lengo, ambalo hakuna jimbo lililolifikia, kwamba ifikapo mwaka 2014 watoto wote wawe wamefikia umahiri. Katika mitihani ya Ohio mtoto huhesabiwa kuwa mahiri anapopata alama 700 au zaidi, kisha alama za watoto wote hukusanywa kutengeneza kiashiria cha ufaulu cha wilaya, ambacho hukokotolewa kwa mizani iliyopangwa: mtoto aliye katika ngazi ya umahiri huchangia 1.0, aliye ngazi mbili juu yake 1.2, aliye ngazi moja chini 0.6, aliye chini kabisa 0.3, na yule asiyefanya mtihani huchangia sifuri. Mizani hiyo ina hekima yake, kwa kuwa inamlazimisha mwalimu mkuu amjali hata mtoto ambaye hatafikia 700, maana kumpandisha kutoka ngazi ya chini kabisa hadi inayofuata nako kunahesabika. Na ile sifuri ya asiyefanya mtihani inazuia ujanja wa kuwaacha nyumbani wasiojua kusoma. Tangu mwaka 2022 matokeo hutangazwa kwa nyota, moja hadi tano, katika taarifa inayotolewa kila Septemba.

Udhaifu wa rula hiyo ni kwamba hupima kwa usahihi lakini hujibu kwa kuchelewa. Mtihani hufanywa majira ya kuchipua, alama hufika watoto wakikaribia au wakiwa wameanza likizo ndefu, na nyota hutoka wakiwa wameshahamia darasa jingine kwa mwalimu mwingine, hivyo anayesomewa hukumu si mtoto bali ni jengo. Kuna udhaifu wa pili unaojulikana vizuri kwa wachambuzi: wastani wa alama za wilaya huelekea kufuata kipato cha wazazi, na hivyo wilaya yenye nyota nyingi huenda imesifiwa kwa utajiri wake kuliko kwa ufundishaji wake. Sean Reardon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao tangu mwaka 2016 wamekuwa wakichapisha hazina ya takwimu inayolinganisha mitihani ya majimbo yote kwa kipimo kimoja, wameuonyesha uhusiano huo kwa wilaya maelfu. Steubenville ni mojawapo ya nukta chache zinazokataa kukaa kwenye mstari: kwa miaka mingi zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wa darasa lake la tatu wamekuwa wakifikia umahiri wa kusoma, ilhali katika jimbo zima idadi hiyo imekuwa ikizunguka watoto sita hadi saba, na ilhali wengi wa watoto wa mji huu wanatoka katika kaya maskini.

Maelezo ya ukaidi huo yanaanzia karibu na mwaka 2000, wilaya ilipoanza kutumia mradi wa Success for All, uliobuniwa na watafiti Robert Slavin na Nancy Madden wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kujaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika shule ya mji wa Baltimore. Mradi huo si kitabu cha kiada tu, bali ni utaratibu mzima wa kuiendesha shule, na waanzilishi wake waliweka sharti kwamba usiingizwe mahali popote mpaka robo tatu au zaidi ya walimu waupigie kura ya siri ya kuukubali, kwa sababu walijua kwamba mwalimu aliyelazimishwa hupima kwa kutimiza wajibu na kuifungia karatasi kabatini.

Kiini chake ni dakika tisini za kusoma kila siku, ambazo haziguswi na shughuli nyingine yoyote. Kengele inapolia, watoto huacha madarasa yao ya kawaida na kutawanyika kwenye korido, kila mmoja akielekea kwenye chumba cha kundi lake la kusoma, na makundi hayo hayafuati umri bali hufuata kiwango alichofikia mtoto, hivi kwamba mtoto wa darasa la pili anayesoma vizuri anaweza kukaa na wa darasa la tatu, na wa darasa la tatu anayesuasua akakaa na wale walio chini yake. Kwa kuwa shule nzima inasoma kwa wakati mmoja, watu wazima wote hugawiwa makundi, akiwamo mwalimu wa michezo, na kwa njia hiyo makundi huwa madogo kuliko madarasa bila ya kuajiri mtu mpya. Baada ya dakika hizo kila mtoto hurudi katika darasa lake la umri, anakojifunza hisabati, sayansi na mengineyo pamoja na wenzake.

Ndani ya kundi la wanaoanza, kitabu chenyewe kinaonyesha fikra ya mradi. Juu ya ukurasa yamo maandishi madogo ambayo mwalimu huyasoma kwa sauti ili kuibeba hadithi, na chini yake yamo maandishi makubwa yaliyotungwa kwa maneno ambayo sauti za herufi zake mtoto amekwisha kufundishwa, ambayo yeye mwenyewe huyasoma. Umuhimu wa kuzijenga sauti kwa mpangilio ni mkubwa katika Kiingereza, lugha ambayo mwandiko wake hauaminiki: mtoto wa Kiswahili anayezimudu silabi za ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake anaweza kulitamka karibu neno lolote atakalolikuta, lakini mtoto wa Ohio hukuta herufi zilezile zikitamkwa hivi katika neno moja na vile katika jingine, na asipofundishwa kwa utaratibu huishia kubahatisha kwa kutazama picha. Kundi likishavuka hatua hiyo, watoto huketi katika timu za wanne au watano, husomeana wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuatilia na kusahihisha, kisha hujadili swali la mwalimu. Na jibu la timu halitolewi na anayejitolea, bali na yule ambaye namba yake imetajwa kwa bahati nasibu. Kanuni hiyo ndogo hubadilisha mengi, maana mtoto hodari halazimiki kunyamaza wala hawezi kujibu kwa niaba ya wote, na timu nzima ina sababu ya kuhakikisha kwamba mnyonge wao ameelewa kabla namba yake haijaitwa.

Kupima, katika utaratibu huu, ni sehemu ya mafundisho yenyewe. Kila baada ya majuma manane au tisa watoto wote hupimwa kusoma, na mwezeshaji, ambaye ni mwalimu mzoefu aliyeondolewa katika zamu za darasani ili awasaidie wenzake, huketi na walimu kuyapitia majina moja baada ya jingine: nani apande kundi, nani abaki, nani anatambua herufi lakini hazibebi hadi neno, nani anasoma haraka bila kuelewa. Mtoto anayeonekana kukwama hupewa mwalimu wa msaada anayekaa naye peke yake au katika kikundi kidogo kwa muda mfupi kila siku, na lengo la msaada huo ni kumrudisha katika mwendo wa wenzake kabla pengo halijawa kubwa. Makundi hupangwa upya kutokana na mazungumzo hayo, na kwa kuwa hupangwa upya mara kadhaa kwa mwaka, hakuna mtoto anayehesabiwa kuwa mali ya kundi fulani. Slavin, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mpinzani wa mtindo wa kuwatenga watoto kwa kudumu katika madarasa ya werevu na ya wazito, na hakuona mgongano wowote kati ya upinzani huo na makundi ya mradi wake, ambayo yalifuata mpango uliojaribiwa mapema katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri, wa kuvuka mipaka ya madarasa kwa somo la kusoma peke yake.

Hoja ya makundi ya kiwango si ngeni Afrika Mashariki. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha mwaka 2011 utafiti uliofanywa katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambako darasa la kwanza la kila shule liligawanywa mara mbili baada ya kuongezewa mwalimu. Katika baadhi ya shule mgawanyo ulifuata alama za watoto na katika nyingine ulikuwa wa nasibu, na ikaonekana kwamba mgawanyo wa alama uliwanufaisha walio juu na walio chini vilevile, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale walipo wanafunzi wake. Kilichoongezwa na Steubenville juu ya hapo ni mlango uliobaki wazi kati ya makundi.

Wilaya haifuatilii kusoma tu. Katika sheria za Ohio mtoto anayekosa asilimia kumi au zaidi ya saa za masomo, kwa sababu yoyote ile, huhesabiwa kuwa katika utoro sugu, na tatizo hilo liliongezeka nchini kote baada ya janga la korona. Mradi wa Success for All unaitaka kila shule iwe na kamati inayoshughulikia mahudhurio, afya na mawasiliano na wazazi, kwa hoja iliyo nyepesi kuielewa na ngumu kuitekeleza, kwamba dakika tisini haziwezi kumsaidia asiyekuwapo. Daftari la mahudhurio, kwa hiyo, husomwa kwa umakini uleule unaotumika kuzisoma alama, na nyumbani hupigwa simu mapema, kabla siku za kukosa hazijawa mazoea. Wilaya huanza pia mapema zaidi kuliko sheria inavyoilazimisha, kwa kuwa na madarasa ya awali ambamo watoto wa miaka mitatu na minne huzoezwa kuzungumza kwa sentensi kamili, maana mtoto atakayeweza kulitamka neno lililoandikwa bila ya kulijua katika mazungumzo atakuwa ametoa sauti tu.

Lingekuwa kosa, hata hivyo, kuondoka Steubenville kwa imani kwamba mradi mmoja unatosha. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliupima mradi huohuo kwa njia ya bahati nasibu katika shule 37 za wilaya tano, na ripoti yake ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba watoto waliousoma hadi darasa la pili waliwashinda wenzao katika kuunganisha sauti na herufi, na zaidi wale walioanza wakiwa nyuma, lakini katika kuelewa matini tofauti haikuwa ya kutegemewa. Shule zaidi ya elfu moja ziliutumia mradi huo katika kilele chake, na nyingi ziliuacha pale fedha zilipokatika, mwalimu mkuu alipohama au mtindo mpya ulipoingia sokoni, na Steubenville haikuuacha. Robo karne ya utaratibu mmoja imemaanisha kwamba mwalimu mpya huingia katika shule ambamo wenzake wote wanaujua mzunguko wa majuma manane, kwamba mtoto anayepanda darasa hakuti lugha mpya ya kufundishia, na kwamba baadhi ya wazazi wanaokuja kuzungumzia watoto wao walipangwa katika makundi hayohayo walipokuwa wadogo. Uthabiti wa namna hii hauingii katika kiashiria chochote cha jimbo, na ulikaribia kuvunjwa na jimbo lenyewe: mwaka 2023 Ohio ilipitisha sheria ya kuzilazimisha shule zitumie vitabu vinavyofuata sayansi ya kusoma, yaani mkusanyiko wa tafiti kuhusu namna ubongo unavyojifunza kusoma, na orodha ya kwanza ya vitabu vilivyoidhinishwa ikatoka bila ya mradi unaotumiwa na wilaya iliyokuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri zaidi katika kusoma. Waliotunga orodha walipima vitabu, na hawakuanza na swali la wapi watoto wanajua kusoma.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakayeyasoma hayo atautambua upande mmoja wa habari hii kwa urahisi. Tafiti za Uwezo, zilizoanza kufanywa majumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda karibu na mwaka 2010, ziliwashtua wengi kwa kuonyesha jinsi watoto wengi wanavyopanda madarasa bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Tanzania iliitikia kwa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, kwa madarasa mawili ya mwanzo, na Kenya kwa mpango wa Tusome, uliowapa maofisa wa elimu vishikwambi vya kurekodia somo walilolishuhudia na kiwango cha watoto wachache waliowasikiliza wakisoma. Hata hivyo upimaji wa kitaifa wa darasa la nne nchini Tanzania hufanywa karibu na mwisho wa mwaka, na matokeo yake hutangazwa Januari, wakati mtoto ameshaketi darasa la tano. Kwa hiyo afisa elimu kata anayeyapokea anaweza kuilaumu au kuisifu shule, lakini hawezi kumfikia mtoto yule kwa wakati. Kasoro ni ileile ya nyota za Ohio, na haiondolewi kwa kuongeza mtihani mwingine wa kitaifa.

Yako yasiyobebeka kutoka Steubenville, na la kwanza ni uwiano wa watu wazima na watoto, maana darasa la watoto themanini au zaidi haligawanyiki katika makundi madogo kwa kumwongezea mwalimu wa michezo peke yake. Lakini sehemu kubwa ya utaratibu wake haihitaji kompyuta wala mfadhili: mtoto anaweza kusikilizwa akisoma aya moja kwa dakika moja, jina lake likaandikwa katika safu yake kwa penseli, na baada ya majuma manane safu zikapangwa upya, mradi mwalimu mkuu awe na mamlaka ya kuitenga saa moja ya ratiba ambamo madarasa yote yanasoma pamoja, na mradi halmashauri isiwahamishe walimu waliokwisha kuuzoea mpango kila mwaka unapoanza. Jambo lililo adimu katika wilaya ndogo, iwe ni ya Ohio au ya Tanga, si takwimu, kwani takwimu zimejaa makabatini na katika mifumo ya kielektroniki. Kilicho adimu ni ruhusa ya kuibadilisha ratiba ya Jumatatu kwa sababu ya kilichogunduliwa Ijumaa, na subira ya kuendelea kufanya hivyo baada ya viongozi walioanzisha kuondoka. Wilaya itakayopata mambo hayo mawili itaweza kuisoma mitihani ya taifa kama taarifa ya kazi iliyokwisha kufanyika, na isiyoyapata itaendelea kuisoma kama habari za watoto waliokwisha kupita.